Mbayuwayu wanarudi wangapi? Somo la kuhesabu ndege wasafiri katika mashamba yetu



Tunaomba somo hili mulisome pamoja katika mukutano, mutu mumoja akisoma kwa sauti na wengine wakiuliza. Linaomba kaye moja, biki moja, na macho yenu. Kila mulimaji anajua kwamba kuko ndege ambao wanafika kwetu wakati mvua inaanza, mwezi wa 9 na wa 10, na kisha mwezi wa 3 ao wa 4 wanapotea. Wazee wengi wanasema: zamani walikuwa wengi kuliko leo. Pengine ni kweli, pengine hapana. Mutu ambaye hakuandika hawezi kujua, na pale ndipo somo letu linaanzia.

1. Ndege hawa wanatoka wapi?

Wakati musimu A unaanza kwetu, kule Ulaya baridi inaingia. Wadudu wanakufa ao wanajificha, na ndege anayekula wadudu anakosa chakula. Basi anasafiri. Anavuka bahari ya Mediterania, anavuka jangwa la Sahara, anafika huku kwetu. Wengine wanapita tena mbele mupaka Afrika Kusini. Mwezi wa 3 na wa 4, baridi inapoisha kule na majani yanachipuka, wanarudi kutaga mayai. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini yule wa Uingereza anaweza kusafiri kilometa karibu 10,000 kwa kwenda peke yake.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wao wanakwenda wapi. Mwaka 1822, katika muji wa Klütz, Ujerumani, watu waliua korongo ambaye mukuki wa Kiafrika ulikuwa umemuchoma shingo na kubaki mule. Alikuwa ameruka na ule mukuki safari yote. Mupaka leo korongo yule amehifadhiwa katika chuo kikubwa cha Rostock. Kisha watu wakaanza kufunga pete ndogo za chuma kwenye miguu ya ndege. Mbayuwayu mumoja alifungwa pete Uingereza mwezi wa 5 mwaka 1911, na mwezi wa 12 mwaka 1912 alipatikana katika shamba moja la Natal, Afrika Kusini. Hapo wakasadiki.

Hadithi inayotugusa sisi zaidi ni ya ndege anayeitwa kekeo, yule ambaye Wafaransa wanaita coucou. Mwaka 2011, shirika la BTO la Uingereza lilifunga vyombo vidogo vya satelaiti kwa kekeo watano. Kumbe ndege hawa wanakuja kukaa katika misitu ya bonde la muto Kongo! Mumoja wao, waliyemupa jina Chris, walimufuata mupaka mwaka 2015. Na katika mwaka wake wote, kekeo wa Uingereza anakaa Afrika miezi mingi kuliko ile anayokaa kule. Basi mutu akisema "ndege wa Wazungu", tumuulize: wa nani zaidi?

2. Namna wanavyohesabu kule

Uingereza wako na hesabu kubwa iliyoanza mwaka 1994. Wanaoifanya ni watu wa kawaida wanaojitolea, maelfu yao, na hawalipwi. Kila mutu anapewa fasi moja ya kilometa moja kwa kilometa moja. Anatembea mistari miwili, asubuhi mapema, mara mbili katika majira ya machipuko, na anaandika kila ndege anayemuona ao kumusikia. Mwaka unaofuata anarudi fasi ileile, njia ileile.

Angalieni jambo moja: ile fasi, mutu haichague mwenyewe. Inachaguliwa kwa bahati, sawa na kura. Juu ya nini? Kwa sababu kila mutu akijichagulia fasi yenye ndege wengi, hesabu itadanganya. Itasema ndege ni wengi kila fasi, kumbe watu wamekwenda tu pale walipo wengi. Ni kama kupima mavuno ya koperative kwa kuangalia shamba la prezida peke yake.

3. Hesabu zimefundisha nini?

Zimefundisha mambo mane.

Kwanza: shida ya inchi moja inaonekana katika inchi ingine. Mwaka 1969, Waingereza walingoja ndege mumoja mudogo mwenye koo nyeupe ambaye anakaa miezi ya baridi kule Sahel. Karibu robo tatu hawakurudi. Kule Uingereza hakuna kitu kilichokuwa kimebadilika. Sababu ilikuwa ukame mukali uliopiga Sahel. Ndege wale walikosa chakula huku Afrika, na pengo likaonekana Ulaya.

Pili: wasafiri wote hawapungui sawasawa. Wale ambao hawaendi mbali, wanaokaa karibu na Mediterania, wengine wao wameongezeka. Wale wa Sahel waliumia zaidi miaka ya ukame. Lakini tangu mwisho wa miaka ya 1980, kati ya ndege wa Uingereza, wanaopungua sana ni wale wanaokuja katika inchi za Afrika zenye mvua na misitu. Yaani, sisi. Kekeo wa Uingereza amepungua zaidi ya nusu tangu miaka ile.

Tatu: hali ya hewa inachanganya saa ya safari. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2006 kwamba viwavi wa mwituni wanatoka mapema kuliko zamani kwa sababu ya joto. Ndege mumoja anayetoka Afrika akifika, viwavi vimekwisha kupita, na watoto wake wanakosa chakula. Mafasi ambako viwavi vinatoka mapema zaidi, ndege yule alipungua kwa asilimia karibu 90 katika miaka 20 hivi. Mulimaji anaelewa jambo hili haraka: ni kama mutu aliyechelewa kupanda na mvua ikamuacha.

Nne: namna ya kulima. Mwaka 2023, watafiti waliounganisha hesabu za inchi 28 za Ulaya walitangaza kwamba ndege wa mashamba wamepungua zaidi ya nusu tangu mwaka 1980. Sababu kubwa waliyoona ni kilimo chenye dawa nyingi na mbolea nyingi za viwandani. Dawa inaua wadudu, na ndege anakosa cha kulisha watoto.

4. Na sisi tunapata nini?

Mutu atauliza: "Mimi niko na watoto sita na shamba la mahindi lenye viwavi. Habari ya mbayuwayu wa Ulaya inanisaidia nini?" Ni ulizo la haki. Tutoe majibu matatu.

Jibu la kwanza: ndege hawa wengi ni wala wadudu, hawaguse mbegu yako. Mbayuwayu anakula inzi, kumbikumbi na wadudu wadogo wanaoruka. Kekeo anapenda viwavi, hata vile vyenye manyoya ambavyo ndege wengine wanakataa. Korongo mweupe anakula panzi, viwavi na panya, na Afrika ya Mashariki makundi ya korongo yanajulikana kufuata mafasi ambako viwavi-jeshi vimetokea. Hatusemi kwamba ndege watamaliza viwavi-jeshi vya mahindi, vile vilivyotoka Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016. Vile vinajificha ndani ya moyo wa muhindi, na kazi ya kuvitafuta itabaki ya mulimaji. Lakini anayekusaidia bila kulipwa, haifai kumufukuza.

Jibu la pili: ndege ni alama. Mbayuwayu wanaoruka chini juu ya shamba wanakuonyesha kwamba wadudu wako. Wakikosekana miaka mitatu kwa mufululizo katika mabonde ambako zamani walijaa, kuna kitu kimebadilika: pengine kinamasi kimekaushwa, pengine dawa imezidi, pengine shida iko mbali kule Sahara. Ukiwa na kaye, unaweza kuanza kutafuta. Bila kaye unabaki na mabishano.

Jibu la tatu: kule Ulaya kuko hesabu za miaka makumi. Huku ambako ndege hawa wanakaa miezi mingi, hesabu ni chache sana. Kama koperative za Ruzizi, za Rwindi, za Upemba na za milimani zingeandika kila mwaka, watu wangejua kama shida inaanzia huku ao kule. Na siku mutu atakapokuja kusema walimaji wa Kongo ndio wanaharibu, tutakuwa na karatasi ya kumuonyesha, ikiwa nzuri ao mbaya.

5. Ndege gani wa kuhesabu?

Musianze na ndege wote. Anzeni na watatu ambao kila mutu anaweza kuwatambua.

Mbayuwayu wa Ulaya: mugongo mweusi wenye kungaa rangi ya buluu, koo nyekundu-kahawia, chini ya koo ukanda mweusi, tumbo jeupe. Mukia wake umegawanyika. Muangalie sana, kwa sababu kuko mbayuwayu wa hapa wanaofanana naye. Kuko mumoja wa hapa mwenye tumbo la kijivu, na mwengine mwenye mistari-mistari kifuani. Alama kubwa ni hii: yule anayejenga kiota chini ya paa lako ni wa hapa. Yule wa Ulaya hajenge kiota Kongo. Anakula, anabadilisha manyoya, anarudi. Ndiyo maana miezi fulani mukia wake unaonekana mufupi.

Korongo mweupe: ndege mukubwa, mwili mweupe, mabawa meusi nyuma, mudomo na miguu myekundu. Anatembea polepole katika majani na mashamba yaliyolimwa.

Ndege wa njano anayefuata ngombe: mudogo, mwembamba, kifua cha njano, na mukia unatikisika kila wakati anapotembea. Mutamuona kati ya miguu ya ngombe na katika mashamba ya mupunga.

Kila kabila liko na majina yake. Katika ukurasa wa kwanza wa kaye, andikeni jina la kwenu pembeni ya lile la Kiswahili, ili mutu wa muji mwengine aelewe.

6. Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Chora karata ya mashamba ya koperative na ugawe vipande. Andika namba kwenye vikaratasi, tia ndani ya kofia, mutoto atoe mbili ao tatu. Hizo ndizo fasi zenu. Musizibadilishe kwa sababu hazina ndege.

Hatua ya 2. Katika kila fasi chagua njia ya kilometa moja, ile ambayo munaweza kutembea hata mvua ikinyesha. Weka alama kwenye mwanzo na mwisho: muti, jiwe, kona ya mufereji.

Hatua ya 3. Chagua watu wawili kwa kila njia. Mumoja anaangalia, mumoja anaandika. Mama, kijana, muzee, wote wanaweza. Vijana wa shule wanafaa sana.

Hatua ya 4. Tembea mara mbili kwa mwezi, kuanzia mwezi wa 9 mupaka mwisho wa mwezi wa 4. Anza kati ya saa kumi na mbili na saa moja ya asubuhi. Tembea polepole, bila kusimama sana. Ndege aliyekupita na kurudi nyuma, usimuhesabu mara ya pili.

Hatua ya 5. Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi kwanza, angalia kumi inajaza fasi gani ya macho, kisha pima kundi lote kwa kumi-kumi.

Hatua ya 6. Andika: tarehe, saa, jina la njia, hali ya hewa, idadi ya kila ndege, na hali ya shamba. Shamba limelimwa? Limechomwa moto? Limepuliziwa dawa, na siku gani? Mustari huu wa mwisho musiusahau, ndio unafunga ndege na kilimo pamoja.

Hatua ya 7. Ukikosa ndege, andika 0. Wengi wanaacha fasi wazi. Fasi wazi inasema "hatukwenda". Sifuri inasema "tulikwenda, hawakuwako". Ni mambo mawili mbalimbali kabisa.

Pia andikeni tarehe mbili za kila mwaka: siku mbayuwayu wa kwanza alionekana, na siku wa mwisho alionekana.

7. Namna ya kusoma hesabu

Tuchukue mufano wa kujifunza tu. Tuseme njia moja ilikuwa na mbayuwayu 40 mwaka wa kwanza, 25 mwaka wa pili, 44 mwaka wa tatu. Mwaka wa pili mutu angepiga kelele kwamba wanakwisha. Mwaka wa tatu angenyamaza. Hesabu ya mwaka mumoja ni habari. Musiifanye hukumu. Ngoja miaka mitatu ao mine, kisha linganisha.

Linganisha pia njia na njia. Kama njia ya kando ya kinamasi inabaki na ndege, na ile ya mashamba yanayopuliziwa dawa kila juma inashuka mwaka kwa mwaka, hapo muko na ulizo la kuleta kwa agronomu. Kama njia zote zinashuka pamoja, pengine sababu iko mbali. Na kama mwaka huu anayehesabu ni mutu mwengine mwenye macho makali, andikeni. Pengine walioongezeka si ndege, ni macho.

8. Mambo ya kuangalia sana

Usalama. Katika mafasi mengi ya kwetu, mutu anayetembea asubuhi na kaye akiandika, wengine watamuzania mpelelezi. Kabla ya kuanza, prezida wa koperative aende kwa chefu wa kijiji na kwa wakubwa wa usalama, aeleze kazi na kuonyesha kaye. Musipitishe njia karibu na kambi ya askari. Mukisikia habari mbaya, mubaki nyumbani na muandike "hatukwenda". Hakuna ndege anayestahili maisha ya mutu.

Pete na vyombo. Ukikuta ndege mwenye pete muguuni ao chombo kidogo chenye waya mugongoni, usiogope. Hakirekodi maneno yenu. Kinaonyesha tu ndege alipo. Akiwa mzima, muache. Akiwa amekufa, andika maneno na namba zote za pete, tarehe na fasi, na upeleke habari kwa ofisi ya ICCN iliyo karibu, ao kwa agronomu.

Sumu. Walimaji wa mupunga wanajua vita na ndege wanaokula mbegu. Vita hiyo ni ya kweli na hatuidharau. Lakini wale ni wengine, hapana hawa wasafiri. Ukitia sumu katika mupunga haichague. Kule Bunyala, magharibi ya Kenya, wawindaji walitia sumu ya karbofurani ndani ya konokono katika mashamba ya mupunga ili kuua makorongo, na nyama ile iliuzwa kwa watu. Sumu ileile iliyoua ndege inaingia tumboni mwa mutoto. Ndege aliyeokotwa amekufa shambani haliwi, hata kama njaa iko. Kwa kulinda mupunga, walinzi, nyuzi zenye kungaa na kupanda pamoja siku moja bonde zima vinasaidia bila kuua.

Dawa ya wadudu. Kabla ya kupuliza mahindi, hesabu kwanza. Tembea shamba kwa umbo la herufi W, simama fasi tano, angalia mimea 10 kila fasi, na uandike mingapi iko na viwavi. Pelekea agronomu ile namba. Mara nyingi mutakuta kwamba kuponda viwavi kwa mukono na kuongeza palizi kunatosha, na feza ya dawa inabaki katika sanduku.

9. Maulizo ya kuzungumuza katika mukutano

Wazee: ni ndege gani mulikuwa munaona kila mwaka wakati wa mvua ya kwanza, na leo hamuoni tena? Fasi gani?

Wamama: ni mwezi gani ndege wa njano wanafuata ngombe kwenye mabwawa?

Vijana: nani atashika kaye, na nani atamusaidia akiwa mugonjwa?

Wote: mwaka uliopita tulipuliza dawa mara ngapi, na tulihesabu viwavi mara ngapi mbele ya kupuliza?

Andikeni majibu ya maulizo haya kwenye kurasa za kwanza za kaye, pamoja na majina ya wale wote waliokubali kazi. Mwezi wa 9 si mbali. Mbayuwayu wa kwanza akipita juu ya bonde lenu, mutu mumoja awe tayari na biki mukononi.